Boda wangu hana mbio

Jumamosi niliingia duka la dawa karibu na stendi ya Moshi kununua dawa ya kikohozi ya mtoto. Binti anayeuza pale nilimfundisha kidato cha pili. Akanisogezea stuli. "Mwalimu, kaa nikupime presha, leo sikutozi." Nikakaa kumridhisha tu. Akanifunga ule mkanda, ukajaa upepo mpaka vidole vikaanza kufa ganzi, kisha ukaachia kwa mlio wa tairi linalovuja. Mashine ikaandika 162 kwa 98.

Nikamwambia mashine yake imechoka. Nikamwambia nimetoka Mbuyuni kwa miguu na mfuko wa ndizi, jua lote hili, na kahawa nimekunywa. Akanisikiliza kwa adabu, akaniambia nikae dakika tano bila kuongea (kwa mwalimu hiyo ni adhabu), akapima tena. 156 kwa 96.

"Kipimo cha siku moja hakitoshi, mwalimu. Ila ikishafika 140 kwa 90 hatuipuuzi. Rudi Jumatatu na Jumanne asubuhi, kabla ya kahawa."

Njiani kurudi Pasua sikuwa na hofu hata kidogo. Nilikuwa na hasira, kama mtu aliyeandikiwa deni la jirani. Maana presha nilishaigawa zamani: ni ya wifi yangu. Wifi ana mwili, wifi hakosi kitimoto Ijumaa, wifi akicheka anahema. Kwenye shughuli za ukoo mimi ndiye ninayeondoa kikopo cha chumvi mezani na kukificha nyuma ya chupa za soda, nikimtazama yeye.

Usiku, badala ya kusahihisha madaftari, nikakumbuka kitu nilichosoma chuoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, Mmarekani Neil Weinstein wa Chuo Kikuu cha Rutgers aliwauliza wanafunzi 258 walinganishe uwezekano wao na wa wenzao kwa mambo 42, ya heri na ya shari: kumiliki nyumba, kupata talaka, kuwa mlevi. Kwa jumla wakajipa heri kuliko wenzao, na shari wakawaachia wenzao. Mmoja mmoja huenda alikuwa sahihi, lakini darasa zima haliwezi kuwa na bahati kuliko darasa hilohilo. Nakumbuka tulicheka sana ukumbini. Wamarekani hao, tukasema.

Sehemu ambayo hatukuicheka, kwa sababu hatukuielewa, ni ya pili. Aliwaomba wasichana 120 waandike yale wanayodhani yanaongeza au kupunguza uwezekano wao wa kupatwa na mambo manane. Kisha wanafunzi wengine wakapewa orodha hizo wazisome. Baada ya kusoma, majivuno yao yakapungua. Hayakuisha, yakapungua. Kumbe kila mtu anazijua sababu zake za kupona, ila haimjii kwamba na mwenzake anazo.

Nikachana karatasi kwenye daftari la mtu (samahani, mwanangu) nikaandika orodha yangu. Natembea kwenda shuleni. Sinywi soda. Nguo za harusi bado zinanienea. Bibi yangu kule Kibosho alizeeka na mafuta yake ya ng'ombe.

Kisha nikaandika ya wifi, na hapo kalamu ikagoma kidogo. Wifi anapanda mlima kila siku na mkungu kichwani. Saa tatu usiku amelala. Kahawa haigusi. Tangu amjue kaka yangu sijamsikia akigombana na mtu zaidi ya dakika mbili. Miaka kumi na mbili namhesabia nyama tu.

Nikarudi kwenye orodha yangu nikaona nilichokiruka. Mama yangu alipooza upande wa kulia akiwa na miaka 61. Sikuwa nimekisahau, maana nilimlisha uji kwa kijiko miezi minane. Sikukiandika tu. Na parachichi silili bila kulinyunyizia chumvi, lakini hiyo nilikuwa naihesabu kama matunda.

Ni kama suala la boda. Kila mtu mjini hapa anajua bodaboda wanaua, na kila mtu ana "boda wangu" ambaye hana mbio. Mimi wangu namwamini kiasi kwamba sivai kofia. Jirani yangu naye ana wake, mpole, mlokole. Juzi nikagundua ni kijana mmoja huyohuyo, na jirani ndiye aliyeniambia jinsi anavyoyapita malori ya Himo.

Jumatatu nilipata 154 kwa 96, bila kahawa, bila mfuko, bila jua. Jumanne nikampigia wifi anisindikize. Sikumwambia shida yangu. Nilisema twende wote tukapime, na nakiri moyoni bado nilitaka ya kwake izidi yangu.

Akakunja mkono wa kitenge, akafungwa mkanda. 122 kwa 78. Nikafuata mimi: 158 kwa 94. Binti akaanza kuniandikia karatasi ya kwenda kwa daktari.

Wifi akaisoma mashine, akanisoma na mimi. "Wewe, wifi? Si ndiwe unayetufichia chumvi?"