Kula samaki Yorkshire na mjomba

Mjomba alikuja kututembelea Leeds, mji wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na kwa siku kadhaa alikuwa mtu wa kukaa dirishani akitazama mvua. Maduka makubwa nilimpeleka, akayatazama kwa adabu tu. Mwisho akaniambia: "Mwanangu, mie nipeleke huko mlikokuwa mkikaa na mama yako. Kwenye lile duka la samaki alokuwa akinihadithia kwenye simu."

Huyu ni dalali wa samaki wa Malindi, Unguja, tangu hajaota ndevu. Kesho yake asubuhi tukapanda basi la 840 la kwenda Whitby, mji wa pwani. Nauli pauni 3 kila mtu, kwa safari ya zaidi ya saa tatu, maana serikali imeziwekea kikomo nauli za mabasi. Mjomba akafanya hesabu ya shilingi kimoyomoyo, akakubali kwamba hapo hakuibiwa.

York na Malton alizipita amelala. Aliamka tulipoacha mashamba nyuma na kuanza kupanda nyika za North York Moors. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao vichaka huko juu huchanua zambarau. Kushoto likatokea bonde la Hole of Horcum, kulia ile piramidi ya Fylingdales iliyosimama peke yake mlimani.

"Kaburi la nani lile?"

"Si kaburi, mjomba. Rada ya jeshi, inaangalia makombora."

"Hapa penye kondoo watupu?"

Whitby tulibadilisha basi. Kijiji chenyewe sikitaji jina, kwa sababu duka la samaki ni moja tu na wenyeji watajijua. Baba alipata kazi hospitali ya Scarborough mwanzoni mwa miaka ya 1990, tukapangisha nyumba pale juu ya mteremko unaoshuka baharini. Ijumaa jioni kijiji kizima kilikuwa kwenye foleni ya samaki na chipsi, na sisi tulikuwa na tatizo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Yorkshire samaki hukaangwa kwa shahamu ya ng'ombe. Huja matofali meupe, hutumbukizwa kikaangoni yakateleza na kuyeyuka, na harufu yake huifikia barabara kabla hujaliona duka. Sehemu nyingi za kusini hutumia mafuta ya mimea, jambo ambalo majirani zetu walilizungumza kama msiba. Kwao ilikuwa habari ya ladha. Kwa mama ilikuwa habari ya nani kamchinja ng'ombe huyo.

Mwenye duka, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alikuwa na kikaango kidogo cha umeme chenye mafuta ya alizeti. Alikiweka kwa ajili ya mwalimu mmoja mstaafu asiyegusa nyama. Basi ikapangwa hivi: mwalimu anakuja mapema kuchukua chipsi zake, sisi tunafuata, kwa kuwa samaki wetu akishaingia mle, yale mafuta hayamfai tena mwalimu. Kikaango kidogo kilikuwa hakiharakishwi. Mimi nilitumwa na pesa mkononi, nikasimama pembeni karibu na friji ya soda, foleni ikinipita.

Hapo pembeni ndipo nilipojifunza Kiingereza cha watu wale, si shuleni. Nilijua nani anadaiwa, nani kamhama mkewe, na boti ya nani imeuzwa. Watoto wa rika langu walipewa bure chenga za unga zilizobaki kwenye mafuta, wakazimwagia siki na kuzitafuna mbele yangu. Zile zilikuwa za shahamu. Nilizitamani miaka yote. Siki haikuwa na neno. Baba alilisoma dumu lake lote: maji, asidi ya asetiki na rangi ya karameli, yaani si siki hasa. Mama akasema hata ingekuwa siki ya kweli, Mtume ameisifu.

Nilipofika sekondari nikapata kazi mle ndani, Jumamosi asubuhi, chumba cha mbatata. Mashine ya kumenyea ni pipa lenye kuta za kukwaruza. Linazizungusha mbatata na maji kwa kishindo hadi zitoke nyeupe, lakini macho hubaki, na macho ni kazi ya kisu. Januari maji yale hukata vidole. Kila gunia jipya mwenye duka alikaanga vipande viwili vitatu kwanza. Mbatata ikikaa kwenye baridi kali wanga wake hugeuka sukari, chipsi ikawa kahawia nje na bado mbichi ndani. Alivunja moja, akaitazama, ndipo akasema kama gunia linabaki au linarudi kwa mkulima.

Kilichomfurahisha mama ni njegere. Zile za kupondwa, za kijani, huanza zikiwa kavu na kulowekwa usiku kucha kwa magadi. "Kumbe wanajua magadi!" akasema, na tangu siku hiyo akaacha kuwaita "hawa watu".

Duka lina wenyewe wapya sasa. Bei imepita pauni 10 kwa samaki na chipsi, na pembeni kuna kikaango cha mafuta ya mimea kwa wasiokula ngano na wengine kama sisi. Msichana akatuambia tusubiri. Friji ya soda bado ipo upande uleule, nikasimama hapo bila kufikiri.

Samaki alikuwa haddock, samaki mweupe wa bahari za baridi. Yorkshire hawamtaki mwingine. Mjomba alimpasua kwa kidole, akamtazama nyama. "Huyu kagandishwa."

Msichana hakukataa: kagandishwa melini, baharini hukohuko, upande wa Norway.

"Na bahari yote hii hapa mlangoni ya nini?"

Nikamtafsiria mzee mmoja aliyekuwa anasubiri chipsi zake. Akacheka sana. Ya kamba koche na kaa, akasema, na wengi wao wanauzwa Hispania na Ufaransa. Aliwahi kuvua mwenyewe. Akaeleza jinsi Iceland ilivyojitanulia maji yake hadi maili 200, na mgogoro wake na Uingereza ulipokwisha mwaka 1976 meli za uvuvi za bandari za Hull na Grimsby zikakosa pa kwenda. Mjomba naye akamweleza meli za kigeni zinavyovua Bahari ya Hindi. Barafu, madalali, mnada wa alfajiri: nilitafsiri mpaka chipsi zangu zikapoa.

Basi la saa kumi na moja likapita nje. Nililiona, lakini walikuwa wamefika kwenye bei ya pweza na hakuna aliyekubali kunyamaza.