Ubaya Umenishinda

Juzi usiku, hapa Kisauni, niliapa safari hii naicheza gemu ya Fallout 3, ile ya 2008, kwa ubaya mtupu. Pale mji wa Megaton kuna bomu la atomu ambalo halijalipuka. Bwana mmoja wa suti, Burke, anakutaka uulipue mji mzima kwa malipo, na makao kwenye jengo refu la Tenpenny Tower unapewa. Nikakubali. Nikapanda juu, nikabonyeza. Mwanga, kishindo, kwisha. Mdogo wangu, hamri mkononi, akauliza, "Na yule dada wa duka je, kaka?" Moira. Kumbe yu hai, ngozi imembabuka, na bado ananichangamkia! Wallahi bora angenitukana. Nimefungua sevu ya zamani, mchezo niliouhifadhi kabla ya mlipuko. Kuiba vijiko vya watu, hiyo naendelea.