Kidole hakina msuli

Shika kigasha cha mkono mmoja, chini kidogo ya kiwiko kwa upande wa ndani, kisha kunja na kukunjua vidole vya mkono huohuo. Misuli inacheza hapo. Ndani ya kidole chenyewe hakuna msuli wa kukikunja: kuna mifupa, viungo na kano, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa, zinazovutwa kutoka mbali. Sioni njia nzuri ya kulielewa jambo hili kuliko kulitengeneza kwa kadibodi, mirija ya kunywea, uzi usiovutika na selotepu.

Chora mkono pamoja na sehemu ya kigasha, ukate. Mifereji iliyo ndani ya kadibodi ielekee vidoleni, la sivyo kidole kitajikunja popote. Alama za viungo zipimwe kwa mafundo ya nyuma ya mkono. Ukifuata mistari ya upande wa kiganja utapotea, maana kiungo cha shina la kidole kimeingia kiganjani sentimita 1 hadi 2 chini ya mstari ulio kwenye shina hilo. Kwa hiyo endeleza mkasi kidogo katikati ya vidole, ndipo ukunje kwa rula.

Bandika kipande cha mrija juu ya kila pingili na kingine kiganjani, ukiacha nusu sentimita kila upande wa mkunjo. Funga uzi nchani, upitishe hadi kigashani, uvute. Mrija ukivuka kiungo, kidole kinagoma. Ukiondoa mrija wa pingili ya chini, uzi unaachana na kadibodi kama kamba ya upinde: unavuta sana, kidole kinajikunja kidogo. Mkononi kazi ya mirija hiyo hufanywa na mikanda migumu inayoibana kano kwenye mfupa, na wapanda miamba huwa wanaichana.

Ongeza uzi wa pili unaoishia pingili ya kati. Ndivyo tulivyo: kano moja huishia hapo, nyingine hupenya katikati yake hadi nchani. Kukunjua ni kazi ya kano za nyuma. Mpira mwembamba uliobandikwa upande huo unatosha.

Gumba ndilo linalosumbua. Likiwa bapa pamoja na kiganja haliwezi kukutana na kidole cha mwisho, kwa sababu mkononi kiungo cha shina lake ndicho huligeuza likabili vidole vingine. Likate kando, ulibandike kwa mshazari likitazama kiganja, na uurekebishe mshazari huo mpaka ncha zigusane.