Kuwa Majoka Bwaloni, Mchana Kweupe

Kwa misimu kadhaa nilikuwa Majoka. Aliyesoma shule ya upili nchini Kenya miaka hiyo hahitaji kuelezwa. Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea ambamo Majoka ni mtawala dhalimu, ilitahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, hadi mwaka 2022, kisha Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ikashika nafasi yake. Makundi ya waigizaji hupakia maleba, spika na watu wao kwenye matatu na kuzunguka shuleni ili watahiniwa waone kile walichokuwa wakikisoma tu. Shule mwenyeji hualika majirani, kila mwanafunzi hutoa ada kidogo, nanyi mnaonyesha kitabu kizima kwa muda usiofikia saa tatu. Siku ya bahati mnacheza mara mbili, asubuhi kaunti moja, alasiri kaunti nyingine.

Mimi uigizaji nilikuwa nimeujua kwa njia ya ukumbi. Nilizoea kwenda kutazama michezo katika Kenya National Theatre, ule ukumbi uliofunguliwa mwaka 1952 mkabala na hoteli ya Norfolk. Mle taa za watazamaji zikizimwa, hata mwenye kikohozi hujizuia. Mwangaza unakuelekeza pa kutazama, na mwigizaji anayenong'ona husikika. Sasa chukua ujuzi huo uupeleke kwenye bwalo la chakula saa nne asubuhi. Madirisha yako pande zote, paa ni la mabati, sakafu ni ya saruji, githeri inachemka nyuma ya ukuta, na mbele yako wamekaa vijana zaidi ya elfu ambao wamefurahi kwanza kabisa kwa kuwa hawako darasani.

Tulianza na sauti. Bwalo tupu lina mwangwi wa kutisha, na mwigizaji mgeni akiusikia hujibu kwa kupiga kelele. Kupiga kelele kunaongeza mwangwi tu. Kinachosaidia ni kutamka konsonanti kwa ukali, kukata sentensi mahali pake, na kuiacha silabi ya mwisho imalizike badala ya kuimeza. Tena, jaribio la sauti mlilolifanya kabla ya wanafunzi kuingia lisiwahangaishe sana, maana miili ya watu hunyonya mwangwi, na bwalo lililojaa husikika tofauti kabisa na lililo tupu. Maikrofoni tuliziacha kwa nyimbo na matangazo. Kupokezana maikrofoni mbili kati ya watu sita wanaogombana ni kichekesho ambacho hakimo kitabuni.

Halafu jukwaa. Karibu kila shule ilituandalia sehemu ya mbele kabisa ya bwalo, anapohutubia mwalimu mkuu. Tuliomba kwa adabu kuhamia kwenye ukuta mrefu. Ukicheza ubavuni, yule wa mwisho kabisa yuko karibu nawe kuliko angekuwa kama ungecheza mwishoni mwa jengo refu. Meza za kulia chakula tuliziunganisha, tukazifunga miguu kwa kamba, na mtu mmoja akaruka juu yake kabla ya yeyote kuvaa maleba. Giza hatukuwa nalo, kwa hiyo mandhari tuliyabadilisha wazi wazi. Vinyago viwili na patasi zikiwekwa, hapo ni soko la Chapakazi. Zikiondolewa na kikaletwa kiti kikubwa chenye kitambaa cha madoa ya chui, hiyo ni ofisi ya Majoka. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuliza tuko wapi.

Watu tulikuwa wachache kuliko wahusika, kwa hiyo wengi wetu walibeba nafsi mbili au tatu. Mwelekezi wetu alichora jedwali la nani anakutana na nani. Ashua, mke wa Sudi, na Husda, mke wa Majoka, hawawezi kuchezwa na mtu mmoja kwa kuwa wanapambana ana kwa ana ofisini mwangu. Sudi na Boza wanachonga pamoja, basi nao ni watu wawili. Aliyebaki alihesabiwa kwa kasi yake ya kubadilisha nguo nyuma ya leso iliyoshikwa na wenzake.

Lakini kazi kubwa ilikuwa kelele. Nakiri sikuipenda mwanzoni. Mwanafunzi wa Kenya akitazama kitabu teule hakai kama mgeni harusini. Anamwonya Tunu mwanaharakati, anamzomea Kenga mshauri wa Majoka, anamaliza sentensi kabla yako. Wale wa safu ya mbele huja na kitabu chenyewe kimefunguliwa, wanafuata kwa kidole, na ukiruka mstari unasikia, "Umeruka!" Kwenye pambano la Husda na Ashua mabati yenyewe huitika. Pambano hilo tulilipanga hatua kwa hatua, polepole kwanza kama watu wanaojifunza kucheza dansi. Nywele za jukwaani hazivutwi. Husda anaweka ngumi juu ya kichwa cha Ashua, Ashua anaushika mkono ule kwa mikono yake miwili na kuubana pale pale, kisha yeye anayeonekana kuburutwa ndiye anayeongoza mwendo wote. Kofi nalo hupita hewani, na mlio hutoka kwenye viganja vya mwenye kupigwa, karibu na kifua, upande usioonekana na watazamaji. Wanafunzi walikuwa wakisimama kwenye viti.

Shida yangu ilianzia hapo hapo. Majoka anabaki jukwaani, na mstari unaofuata ni wangu. Nikiusema mara moja, unazama. Nikingoja kelele itulie kabisa, onyesho linakufa na ninaonekana nimesahau maneno. Mwelekezi alinifundisha kukisikiliza kicheko chenyewe. Hupanda, hufika kileleni, kisha huanza kushuka. Kikifika katikati ya mteremko, ndipo unaposema. Sawa, lakini kabla ya hapo unafanya nini? Mwili wa mwigizaji usio na kazi huonekana hata kutoka mlangoni. Nikajipa kazi. Nilikuwa na kitambaa cheupe cha jasho mfukoni, kwa kuwa suti ya Majoka chini ya mabati ni adhabu. Nikawa nakitoa, nakikunja mara mbili, mara nne, nakibonyeza pembeni, huku nikiwatazama wanafunzi mmoja mmoja kama mtu anayehesabu madeni. Kilipokuwa kimekunjwa vizuri, nao wametulia, nilisema.

Sikutarajia kilichofuata. Kadiri onyesho lilivyosonga, kitambaa kilikuwa kimeshakuwa tishio. Nikiingiza tu mkono mfukoni, bwalo zima lilinyamaza, na nilikuwa sijaudhiwa na mtu bado. Kutoka siku hiyo nikaanza kukitumia kwa makusudi, na mahali pachache zaidi. Yule Majoka niliyekuwa nikimcheza kwa ngurumo alipungua sauti. Mtu anayeweza kuwangoja watu elfu moja wamalize kucheka, naye anakunja kitambaa, hana haja ya kupaza sauti. Hilo ningelipataje katika ukumbi wenye giza na watu watulivu? Kelele ndiyo iliyonipa mhusika.

Na hadhira ya namna hiyo si ugeni kwetu. Msimulizi wa ngano hasogei kabla ya kuitikiwa "Pakawa!" Kule Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walifanya mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia yao ya Kikuyu, kwenye uwanja wazi, na wanakijiji waliokuwa wakipita walisahihisha waigizaji mpaka maneno yakabadilika. Mwezi Novemba mwaka ule ule serikali ilifuta kibali, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Serikali haibomoi jukwaa ambalo watu wamelitazama wakasinzia.

Baada ya kila onyesho tulikuwa na kipindi cha maswali. Katika shule moja ya wasichana, binti mmoja alisimama na kitabu chake. Hakuuliza kuhusu maudhui wala mbinu rejeshi. Alitaka kujua ni ukurasa gani ulioandika kitambaa, kwani alikuwa amepekua onyesho lote la ofisini asikipate.

Mwalimu wao wa Kiswahili aliinuka kabla sijafungua mdomo. "Tafadhali, mtu asije akaandika kitambaa kwenye Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi! Hicho ni cha huyu bwana, si cha Kea."

"Ni kweli, mwalimu," nikasema. "Lakini wakati nyinyi mlipokuwa mnacheka, Majoka alikuwa akifanya nini?"

"Kitabuni hakuna anayecheka."

"Ndiyo maana tumekuja."

Hakuridhika, na kwa upande wake alikuwa sahihi, maana mtihani haumsahihishi mwigizaji. Tukaendelea kubishana hadi kwenye mlango wa bwalo, yeye akinisomea maelezo ya jukwaani yaliyo kwenye mabano, mimi nikimwonyesha namna mabano yale yanavyochezwa, wasichana wakishabikia upande wao, mpaka dereva wetu akapiga honi, kwani shule ya pili ilikuwa ikitungoja saa nane.