Beringi ya Mbele Kushoto

Mwaka 2003 nilikuwa utingo kwenye kipanya cha mjomba wangu, Hiace ya zamani iliyokuwa ikikodiwa kwa safari za Iringa na Morogoro. Siku hiyo tulibeba wafiwa kutoka Iringa kwenda Mikumi. Maziko yalikuwa saa kumi alasiri, nasi tuliondoka asubuhi.

Mvumo ulianza tulipoipita Ilula. Mjomba alizima redio, akashusha kioo, akawa anasikiliza. Jibu alilipata Kitonga, maana kona za mlima ule hazifichi kitu. Gari likikata kulia, uzito unaegemea kushoto na mvumo unapanda. Likikata kushoto, unafifia. "Beringi ya mbele kushoto," aliniambia kwa sauti ya chini, abiria wasisikie. Akashuka taratibu kwa gia nzito, mabasi yakitupigia honi nyuma.

Tulisimama Ruaha Mbuyuni. Alisogeza kiganja kwenye tairi la mbele la kulia: moto, lakini ule wa breki zilizotoka mlimani. Upande wa kushoto joto lilimrudisha nyuma, na maji aliyodondosha kwenye kifuniko cha grisi yalichemka papo hapo. Tukangoja lipoe. Nikaweka mawe kwenye matairi ya nyuma, tukapiga jeki, akalishika tairi juu na chini akalitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Chini ya kiti chake mjomba aliweka siku zote kopo la grisi na seti ya beringi za mbele, kubwa ya ndani na ndogo ya nje, pamoja na sili ya kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie, na pini za nati, vyote katika karatasi zake. Mimi leo naendesha gari langu mwenyewe, na chini ya kiti changu vipo vilevile. Anayebeba roho za watu hana budi kuwa navyo.

Kilichokosekana ni nyundo nzito na tindo, kwa hiyo akaitwa fundi kijana wa pale kijijini. Alikuwa mwepesi wa mikono kweli. Alitoa tairi, akafungua kalipa ya breki na kuifunga kwa waya isining'inie kwenye mpira wake, akang'oa pini, nati na washa, kisha akaivuta habu yote, kile kitovu cha chuma kinachobeba tairi. Beringi ya nje ilitoka imegeuka rangi ya bluu, grisi imekauka na kuwa masizi.

"Hii imekufa," alisema kijana. "Lakini kikombe chake kizima. Tupachike beringi mpya humohumo, dakika kumi mnaondoka."

Kikombe ni ile ringi ya chuma iliyokazwa ndani ya habu, ambamo roli za beringi huzunguka. Kuitoa ni kazi: unaigonga kwa nyuma, huku kidogo na huku kidogo, isikae upande. Mjomba aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akanishika mkono. "Pitisha kidole." Nilipitisha. Kwa macho iling'aa, lakini kidole kilikuta vishimo vidogo vidogo, vimejipanga upande mmoja. Roli mpya zikipita juu ya vishimo vile, nazo zitachubuka, na mvumo utarudi kabla hatujafika mbali.

"Vikombe vinatoka vyote viwili, cha ndani na cha nje," alisema.

Jua lilikuwa limeshapita utosi. Wazee wawili walianza kunung'unika, na kijana mmoja wa wafiwa akamwambia mjomba waziwazi kwamba anawacheleweshea maiti wao. Mjomba alisema tu, "Poleni sana, wazee wangu," akaendelea kugonga. Ndipo shangazi wa marehemu, aliyekuwa amekaa kwenye khanga kivulini, akainua uso.

"Mwacheni afanye kazi yake. Tunakwenda kuzika mtu mmoja. Inatosha."

Hakuna aliyesema tena.

Vikombe vipya viliingia kwa kugongwa hadi mlio wa nyundo ukabadilika, dalili kwamba vimekaa chini kabisa. Mimi nilipewa kupaka grisi: unaiweka kwenye kiganja na kuikandamizia beringi ubavuni, mpaka grisi ichomoze upande wa pili katikati ya roli. Kisha sili mpya, habu ikarudi mahali pake. Mjomba alikaza nati huku mimi nikizungusha habu, akailegeza, akaikaza tena kwa vidole tu, akatikisa na kusikiliza. Ikibanwa mno, beringi inaungua. Ikilegea, tairi linacheza. Aliporidhika alipitisha pini mpya na kuikunja.

Mikumi tulifika jeneza lingali ndani ya nyumba. Kabla hajaenda kunawa mikono, mjomba alipima tena joto la matairi yote mawili. Yalilingana.

Asubuhi yake, wafiwa wakiwa bado wanakunywa chai, alipiga jeki upande wa kulia, ambao haukuwa umelia hata kidogo. Grisi ya ndani ilikuwa nyeupe kama maziwa. Maji yalikuwa yameshapita kwenye sili. Tulisafisha kila kitu kwa mafuta ya taa, tukakagua vikombe kwa kidole, tukanunua sili pale Mikumi mjini. Saa nne tuliwasha gari kuelekea Kitonga.