Fundi cherehani kwenye mahema ya kipindupindu

Mimi ni fundi cherehani hapa Kigoma mjini. Kanisani ni katibu wa kwaya, na Mei 2015 nilikuwa na sare za kwaya kumi na saba mezani, zote za Pentekoste, zote hazijapigwa vifungo. Zilikaa pale mpaka Julai. Watu kadhaa wameniuliza ilikuwaje fundi nguo akaishia kufanya kazi kwenye mahema ya wagonjwa, na kila mara nimejibu nusunusu. Leo nieleze yote.

Mwishoni mwa Aprili mwaka ule chama tawala cha Burundi kilimpitisha Rais Pierre Nkurunziza agombee muhula wa tatu. Watu wakaingia barabarani Bujumbura, na tarehe 13 Mei baadhi ya wanajeshi wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa. Sisi wa Kigoma wala hatukuhitaji redio. Wavuvi walirudi wakisema Kagunga hakukanyagiki. Kagunga ni kijiji kidogo mpakani kabisa, mlima mkali mgongoni na ziwa usoni, na wakati ule gari lilikuwa halifiki. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamejaa kwenye ule ufukwe, wanalala mchangani, maji wanayokunywa ni ya ziwa na haja wanajisaidia hapohapo karibu na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Mpaka kwenye tarehe 22 Mei wagonjwa walikuwa wamefika kama 3,000, na waliokufa 31, karibu wote wakimbizi.

Aliyewatoa kule ni bibi kizee wetu, Liemba. Asiyeijua aelewe kwamba hiyo ni meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 isije ikaangukia mikononi mwa adui, kisha Waingereza wakaiibua. Mwaka ule wa wakimbizi ilikuwa inatimiza miaka mia tangu ishushwe majini. Kagunga haikuwa na gati la kuipokea, kwa hiyo ilitia nanga mbali, watu wakapelekwa kwa mitumbwi na boti ndogo, kama mia sita kwa safari. Ikifika Kigoma wanateremshwa, wanapelekwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, wanasubiri mabasi ya Nyarugusu, kambi ambayo tayari ilikuwa imejaa Wakongo tangu 1996.

Jumapili ile mchungaji alisoma Mathayo 25: "Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Ibada ikaisha, kikao cha wazee kikaanza, na ndani ya dakika kumi tulikuwa tunagombana. Mzee mmoja, mtu mwema tu, aliuliza sadaka ya washirika itatolewaje kwa watu ambao hata dhehebu lao hatulijui. Mwingine akakumbusha kuni zilizokatwa na mifugo iliyoibwa miaka ya nyuma, kila wimbi la wakimbizi lilipokuja. Hakuwa anasema uongo. Mama yangu mzazi, ambaye si mzee wa kanisa na hakupaswa kuwemo, alisema kutoka mlangoni kwamba mwaka 1972 alikuwa msichana, na baba yake aliwalaza Warundi jikoni mwezi mzima bila kuwauliza wanasali wapi. Kikao kikafungwa. Tukakubaliana kuchanga sukari, unga na sabuni.

Nami nikaongeza la kwangu. Nilikuwa na katoni la vipeperushi vya wokovu vilivyobaki kwenye mkutano wa injili. Mpango niliupiga vizuri kabisa kichwani: mtu anapewa kikombe cha uji, halafu kipeperushi, halafu neno moja la faraja. Nilijiona mtume Paulo.

Jumatatu tulifika getini kwenye uwanja ule, wanakwaya sita na ndoo mbili za uji wa moto. Nesi mmoja akatusimamisha. "Baba, hiyo ndoo rudi nayo." Nikamwambia sisi ni watu wa kanisa. Akasema hata malaika wangeleta uji uliopikwa nyumbani kwa mtu wakati wa kipindupindu, angewarudisha. Chakula kilipikwa sehemu moja tu, kwa maji yaliyotiwa dawa, na aliyegawa alikuwa ameelekezwa namna ya kugawa. Uji ule tukaunywa sisi wenyewe barabarani, kimya, kama watoto waliofukuzwa shule.

Vipeperushi lakini nilivipitisha. Cha kwanza nilimpa mama aliyekaa kwenye kivuli cha ukuta na mtoto mgongoni. Alikipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kushukuru, akamshusha mtoto, akamfutia makalio. Kisha akanitazama kama mtu anayeuliza kama ninacho kingine.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilikasirika kwa kama saa nzima. Halafu nikampa vingine vinne.

Nesi yule wa getini aliniona nimesimama tu, mikono mitupu, akaniuliza nje ya kanisa nafanya kazi gani. Nikamwambia. "Fundi cherehani? Sasa mbona unaanza na kuhubiri?" Akanivuta mkono mpaka nyuma ya hema la wagonjwa.

Kitanda cha mgonjwa wa kipindupindu kina tundu katikati. Mgonjwa hana nguvu ya kwenda chooni, na hakuna muda wa kumpeleka. Maji yanamtoka kama maji ya kuoshea mchele, yanapita tunduni na kuingia kwenye ndoo chini. Ndoo ina mistari pembeni, ili mhudumu ajue zimetoka lita ngapi na zirudishwe ngapi kwa mdomo au kwa dripu. Vitanda vilivyokuwepo havikutosha, vingine walikuwa wanaviunga kwa mbao na turubai. Tundu walilikata kwa kisu, na turubai lililokatwa kwa kisu huchanika: siku mbili tu mgonjwa anadidimia. Nikalishika lile turubai, nikaona kazi yangu. Ukingo upindwe mara mbili, katikati itiwe kamba, juu pitisha mshono wa mzunguko mara tatu. Sindano ya kawaida inavunjika; nilitumia namba 18, na uzi wa nailoni wanaoshonea mabegi. Kesho yake nilileta cherehani yangu kwa baiskeli, nikaiweka chini ya mti nje ya uzio. Kwa wiki mbili za kwanza nadhani sijashona kitu kingine zaidi ya matundu.

Kazi ya kukaa nje ya uzio ni nzuri, ila haiishii hapo. Siku ya tano waliishiwa watu usiku, nikaingia ndani.

Hofu niliyokuwa nayo sitaificha. Nilimwona kijana mkubwa, mwenye mabega ya mbeba mizigo, ameingia asubuhi kwa miguu yake, na saa sita mchana macho yamedidimia na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Nililoweza kufanya ni hili: kijiko. Pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, siyo nusu lita ili "iwe na nguvu", kama nilivyodhani. Anayetapika humpi kikombe, unampa kijiko, kidogokidogo. Akitapika unasubiri dakika kumi, unaanza upya. Hakuna utukufu wowote katika kijiko. Mkono unauma, usingizi unakuvuta, na mtu mbele yako anakwambia kwa macho umwache. Kijana yule alikunywa kwa kijiko mpaka alfajiri, dripu ikiwa mkononi. Saa moja asubuhi aliomba kwenda kukojoa, na nesi akapiga makofi. Sikuelewa kwa nini. "Akikojoa, figo zinafanya kazi," akasema. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile.

Nyumbani nako kulikuwa na vita yake. Mama watoto aliniambia waziwazi: kama unaingia mle, humu huingii. Sikumlaumu, tuna watoto wadogo. Tukapatana nilale dukani. Kila nikitoka nilinawa kwa maji ya klorini ya mikono (yalikuwepo ya viwango vitatu, ya mikono, ya sakafu na nguo, na makali kuliko yote ya ndoo na ya miili ya waliofariki, ukichanganya ndoo unaungua ngozi), nikakanyaga sifongo la dawa, nikavua nguo nyuma ya duka na kuziloweka. Chakula aliniletea mwenyewe, akakiweka kwenye benchi, akarudi nyuma hatua tano, tukazungumza kwa sauti kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Jirani walidhani tumeachana. Wanaonijia wakiwa na moto wa kujitolea huwa nawauliza kwanza: umeongea na wa nyumbani kwako?

Kitu kilichonipa nafasi mle ndani, kuliko hata sindano, ni lugha. Sisi Waha, wenyeji wa Kigoma, na Warundi tunasikilizana. Amazi (maji) ni amazi, umwana (mtoto) ni umwana, Imana (Mungu) ni Imana. Wahudumu waliotoka Dar es Salaam walikuwa wanauliza "umeharisha mara ngapi tangu jana?" na mtu anaitikia tu "ndiyo" kwa heshima. Basi nikawa mkalimani, na nikajiona tena mtu wa maana.

Nilishushwa upesi. Kulikuwa na binti wa kama miaka ishirini na moja, amekaa na mdogo wake mgonjwa. Nikamwendea na Kiha changu, polepole, kwa sauti ya juu, kama anayeongea na kiziwi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa Kiswahili: "Baba fundi, mimi nimezaliwa Mtabila. Kiswahili nilikiokota sokoni Kasulu kabla sijajua Bujumbura iko wapi." Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012 na watu wakarudishwa Burundi. Alikuwa amekaa kwao miaka miwili na nusu. Kiwanja cha baba yake alikuta kina wenyewe. "Sasa unaposema nimekimbia nchi yangu," akaniambia, na wala hakuwa na hasira, "nakuwa sijui unasema ipi."

Sikuwa na andiko la kumpa. Mtoto Yesu alikimbizwa Misri, hilo nalijua kwa moyo, lakini Yusufu aliambiwa arudi, akarudi, akapata pa kukaa. Nilinyamaza. Kuanzia siku ile mkalimani wa hema letu akawa yeye. Mimi nikashika ndoo.

Ndipo nikaacha kabisa kuhubiri. Mchungaji alipita siku moja akaniuliza mbona sisikiki, nikamwambia nina kazi. Kulikuwa pia na kikundi kilichokuja na kipaza sauti nje ya uzio, kikiwaita wagonjwa watubu. Maoni yangu hayajabadilika mpaka leo: mtu aliyelala juu ya tundu hana uwezo wa kuondoka akichoshwa na mahubiri yako, na hiyo peke yake inatosha kukufunga mdomo.

Lakini hapo nako kuna bibi mmoja aliyenivuruga. Alikuwa amepona, anasubiri basi, mjukuu mmoja mapajani. Wengine wawili waliachana nao Kagunga wakati wa kugombania mitumbwi, na majina yao yalikuwa yameandikwa kwa watu wanaotafuta waliopotezana. Nilikuwa nakoroga ORS karibu yake. Akaniuliza kwa Kirundi, "Wewe si mtu wa kanisa?" Nikamuuliza amejuaje. Akasema kila nikikoroga naimba nyimbo za Yesu bila maneno, pumzi tu. "Siku tisa nimelala mbele ya macho yako. Umenipa maji, umenipa sabuni, umebeba ndoo yangu. Hujaniombea hata mara moja. Ulidhani nimekuja na tumbo peke yake?"

Niliona aibu kuliko siku ya vipeperushi. Nilinawa mikono, nikapiga magoti kwenye changarawe, nikaanza kwa Kiswahili. Sikufika mbali, sauti ilikatika kwenye majina ya wale watoto wawili, maana sikuwa hata nayajua. Bibi akayataja mwenyewe, akaendelea kwa Kirundi, akaomba muda mrefu. Aliniombea na mimi humo katikati, mgongo wangu na mke wangu wa benchi. Sijui nani alimwambia habari za benchi.

Basi lao lilikuja jioni. Walipanda kwa orodha, kila mtu na furushi lake, ndoo, mkeka, kuku mmoja aliyevuka ziwa salama. Yule bibi alipofika mlangoni alirudi nyuma, foleni nzima ikasimama, akanirudishia kikombe cha plastiki nilichokuwa nampimia ORS. Nikamwambia, bibi, hicho ni chako, nenda nacho. Akanishikisha kwa nguvu.

"Wako wengine wanakuja," akasema.

Nikakitumbukiza kwenye ndoo ya klorini, nikaenda dukani kulala. Nilikuwa nimevua buti moja niliposikia honi ya Liemba bandarini. Nikalivaa tena.