Skurubu na mtutu uliong'aa

Mjomba alishastaafu jeshi wakati huo, na Jumamosi moja alinichukua hadi kiwanja cha shabaha nje ya Mwanza nimtazamie darubini. Kazi yangu ilikuwa kumwambia risasi imeingia wapi.

Pembeni yetu alilala bwana mmoja wa mjini mwenye bunduki mpya ya .22, ile ya risasi nyembamba. Mtutu aliusugua usiku kucha, akawa anaita watu wachungulie.

"Mzee, wako umeoshwa lini?"

"Mwezi jana," mjomba akajibu, na yule bwana akacheka.

Risasi yake ya kwanza ilienda kushoto. Akazungusha skurubu ya shabaha, ile inayosogeza mahali bunduki inapolenga. Ya pili ikapanda juu, akazungusha tena. Kila tundu alilikimbiza, na mtutu ulipotulia, bunduki ikawa inapiga upande mwingine kabisa. Mjomba yeye alikuwa anafyatulia tuta tu, lile la udongo nyuma ya karatasi, hagusi kitu, hadi niliposema matundu yanaingiana. Hapo ndipo akahamia kwenye karatasi ya pointi. Kwa mita 50, duara la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, kwa hiyo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Alinieleza huku anapakia. Risasi ya .22 ya kulengea shabaha ni madini ya risasi matupu, haina koti la shaba; imepakwa nta, na nta hiyo hubaki ndani ya mtutu. Inayofuata hupita juu yake. Mtutu uliosuguliwa ukakauka unaanza upya, na risasi za kwanza hutangatanga, na ukibadili aina ya risasi, nta nayo ni nyingine, kwa hiyo unaanza upya tena.

Saa sita hivi mvua ikatoka ziwani, ile ya Mwanza isiyobisha hodi, tukajibanza chini ya bati. Iliponyamaza hewa ilikuwa imepoa. Yule bwana akalenga karatasi moja kwa moja, na tundu nikaliona kwenye saba. Mjomba akatupa mbili kwenye tuta kwanza.

"Nta imeganda, mjomba. Ngoja ilainike."

Jioni alifungua bolti, akapitisha mdeki, ule ufito wa kusafishia, kutokea nyuma. Hata siku moja hakuuingiza kwa mbele, maana ukikwaruza mdomo wa mtutu ndio basi. Kitambaa kimoja chenye mafuta, kimoja kikavu, kwisha. Palipomchelewesha ni mbele kidogo ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, masizi yanapojijenga pete ngumu. Hapo alitumia brashi ya shaba, taratibu, akimulika kwa tochi. Mimi naona kwa vitambaa alikuwa bahili mno. Wapo walengaji hodari wanaosafisha kila wanapomaliza kupiga, na pointi wanazipata.

Yule bwana akaja kuchuchumaa karibu.

"Shikamoo mzee. Unatumia mafuta gani?"

"Marahaba. Mafuta yako hayana shida. Hiyo skurubu ndiyo uiache ipumzike."